Skrini Moja Yatosha

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini na katika Chama cha Biashara muhula huu. Najua baadhi ya wenzangu hawatapendezwa nami. Walakini afadhali mtu aambiwe na ndugu yake kuliko kungoja kufunzwa na ulimwengu.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula uliopita mmoja wa wanafunzi wa zamani alituletea kompyuta sita kuukuu, kila moja na skrini yake. Twamshukuru sana kwa moyo huo. Lakini tangu siku ile chama kimegawanyika. Walio wengi wataka skrini zote sita zifungwe kwenye kompyuta moja, tatu juu na tatu chini, tupate meza kama zile za Wall Street tuzionazo katika picha, na hapo tujifunze biashara ya kutwa. Wachache, nami nimo, twasema kila kompyuta ibaki na skrini yake. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Kwa hiyo naandika mapema, watu wapate kufikiri kabla ya kuinua mikono.

Kwa faida ya msomaji asiyejua, biashara ya kutwa ni kununua hisa au fedha za kigeni na kuziuza siku hiyo hiyo, ili mtu apate faida katika kupanda na kushuka kwa bei kwa saa chache tu, pengine dakika chache. Vijana wengi huiita foreksi. Hufanywa kwa kompyuta au simu, kwa kupitia dalali ambaye huenda yuko nchi ya mbali. Si uchawi, wala kwa yenyewe si wizi. Lakini ni kazi ngumu, na wengi wanaoijaribu hupoteza.

Nitaeleza kwanza kilichonifanya niwe na maoni haya. Kaka yangu naye alisoma hapa, na baadhi yenu wanafunzi wa zamani mlicheza naye mpira. Ameniruhusu kuandika habari zake, mradi nisimtaje jina. Alipoanza biashara hii alikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo. Robo tatu ya mkopo aliitumia kununua vyombo: kompyuta mpya, skrini tatu, kiti cha kuzunguka na taa za rangi ukutani. Robo iliyobaki ndiyo aliyoweka kwa dalali. Sisi nyumbani tulikuwa tukienda kuitazama meza ile kama watu waendao kutazama ndege ikitua. Mama alileta hata wageni.

Kwa kuwa fedha za kazi zilikuwa kidogo, kaka aliona hana budi kutumia mkopo wa dalali. Dalali wake alimruhusu kushika biashara ya thamani mara 500 ya fedha zake. Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mtu mwenye dola 100 akishika biashara ya dola 50,000, bei ikienda kinyume naye kwa sehemu moja tu katika 500, dola zake 100 zimekwisha. Euro iliyokuwa dola 1.1000 haina haja ya kuanguka. Ikishuka hadi 1.0978, basi. Bei hutembea namna hiyo hata kabla mtu hajamaliza chai. Ndiyo maana mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, iitwayo ESMA, iliweka mpaka wa mara 30 kwa fedha kubwa za dunia, na kwa vitu vingine chini ya hapo.

Jioni moja kaka alikuwa na biashara wazi, na umeme ukakatika mtaa mzima. Hakuwa na betri ya akiba. Alijifariji kwamba ameweka amri ya kufuata bei, ile ambayo husogea nyuma ya bei inapokwenda upande wako na kukuokolea faida. Jambo ambalo hakujua ni kwamba katika programu ile amri hiyo hufanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe, si katika mashine ya dalali. Kompyuta ikizimika, amri nayo imelala. Amri ya kawaida ya kukomesha hasara, ambayo huwekwa kwa dalali na kubaki huko hata kwako kukiwa giza, hakuiweka. Taa zilipowaka saa 6 usiku, skrini zote tatu zilimwonyesha habari ile ile moja.

Aliuza skrini mbili na kiti ili aanze kulipa mkopo. Skrini ya tatu ilibaki nyumbani, na hiyo ndiyo niliyojifunzia mimi wakati wa likizo, kwa akaunti ya majaribio isiyo na fedha za kweli. Kwa hiyo ninaposema skrini moja yatosha, sisemi kwa wivu. Nimekaa mbele yake.

Sasa nataka nijibu hoja ya wenzangu, kwamba wafanyabiashara wakubwa wana skrini nyingi, basi nasi tukitaka kuwa kama wao yafaa tuwe nazo. Ni kweli wanazo. Lakini tuulize wanazo kwa nini. Mtu wa benki kubwa hutazama masoko mengi kwa pamoja, hupokea maagizo ya wateja, hufuata habari za serikali za nchi kumi, naye ni mmoja tu kati ya wengi waliogawana kazi. Anayeanza ana soko moja, biashara moja, na akili ambayo bado haijazoea. Ukimpa skrini sita umempa maswali sita kabla hajajibu la kwanza. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Tena vyombo vingi havimzuii mtu kupotea. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital, yenye mashine na wataalamu ambao sisi hatutawapata, ilipoteza dola milioni 440 hivi katika muda wa dakika 45 hivi, kwa sababu programu mpya haikuwekwa sawasawa katika mashine zake zote. Skrini hazikukosekana pale. Kilichokosekana ni mtu wa kusimamisha mambo kwa wakati.

Na tusidanganyane juu ya faida. Mwaka ule wa 2018 ESMA ilieleza kwamba, katika biashara za namna hii zitumiazo mkopo wa dalali, akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za watu wa kawaida hupoteza fedha. Huko Brazil wataalamu wa uchumi waliwafuata watu walioanza biashara ya kutwa kati ya 2013 na 2015. Katika wale walioendelea kwa zaidi ya siku 300 za soko, 97 katika kila 100 walipata hasara, na waliopata zaidi ya mshahara wa chini wa nchi yao walikuwa kama mmoja tu katika 100. Hawa si wavivu walioacha njiani. Ni wale waliovumilia.

Mtu ataniuliza: ikiwa ni hivyo, mbona hata wewe wajifunza? Najibu kwamba simu zimejaa matangazo ya jambo hili, na sisi tukitoka hapa tutakutana nalo mlangoni. Afadhali tulijue ndani na nje tukiwa na akaunti za majaribio, kuliko kulijulia na karo ya wadogo zetu. Lakini tukijifunza, tujifunze kwa mpango. Basi nitasema jinsi ambavyo mimi ningeweka meza ya anayeanza, na kila chama kipime.

Kwanza kompyuta. Haihitaji kuwa ya ajabu. Yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD yatosha kabisa kwa chati mbili na daftari la hesabu. Skrini iwe pana ya kutosha kusoma tarakimu bila kuinama, ikae umbali wa mkono, ukingo wake wa juu usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni, si nyuma yako wala mbele yako. Jambo moja tulikumbuke juu ya kompyuta tulizopewa: zatumia Windows 10, ambayo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipewi tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Kwa akaunti ya majaribio hainisumbui. Kwa fedha za kweli, singeandika nywila yangu humo.

Pili, mpango wa skrini. Nitatoa mfano wa MetaTrader 4, programu iliyotoka mwaka 2005 na ambayo wengi wetu twaijua. Ukiifungua mara ya kwanza, kushoto kuna orodha ndefu ya bei, chini yake orodha ya akaunti na vyombo, katikati chati nne, na chini kabisa sanduku la biashara zako. Wengi huiacha hivyo hivyo, kisha huongeza mistari ya rangi mpaka bei yenyewe haionekani. Mimi nasema ondoa. Katika orodha ya bei acha jozi moja tu, kwa mfano euro na dola. Funga orodha ya vyombo. Funga chati mbili kati ya nne. Mbili zinazobaki ziwe za jozi ile ile: ya kushoto ionyeshe mwendo wa siku nzima nzima, ya kulia ionyeshe dakika 15 kwa 15. Ya kushoto yakuambia mto waelekea wapi. Ya kulia yakuambia wimbi la sasa. Mishumaa ya bei, ambayo asili yake ni wafanyabiashara wa mchele wa Japani, yatosha kukueleza bei ilifunguka wapi, ikafika wapi, na ikafungwa wapi. Ukitaka mstari wa wastani, weka mmoja.

Kisha lile sanduku la chini, ambalo watu hulibana likawa dogo kama utepe, wewe lipanue. Humo ndimo mnamoandikwa fedha ulizo nazo na hasara uliyo nayo sasa hivi. Naona ajabu kwamba vitufe vya kununua na kuuza vyaweza kukaa vikubwa juu ya chati, na hesabu ya fedha zako ikajificha chini kwa herufi ndogo. Anayeanza na ageuze mambo: hasara ionekane wazi, kitufe kiwe mbali. Zima ile njia ya kununua kwa kubonyeza mara moja. Acha programu ikuulize kiasi, ikuulize amri ya kukomesha hasara iwekwe wapi, ndipo ukubali. Sekunde kumi hizo ni rafiki zako.

Tatu, saa. Saa iliyoandikwa chini ya chati ni ya mashine ya dalali, si ya ukutani kwetu. Weka saa ya Afrika Mashariki karibu na skrini, na uandike kwenye karatasi nyakati za masoko. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa 10.30 jioni yetu na kufungwa saa 5 usiku, tangu Machi hadi mwanzo wa Novemba. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, huwa saa 11.30 jioni hadi saa 6 usiku. Mnaona basi kwamba saa hizo ni za chakula, za masomo ya jioni na za kulala. Atakayesema anafuata soko hilo kila siku, aseme pia ni lipi kati ya hayo matatu analoliacha.

Nne, umeme na mtandao. Betri ya akiba ya kuendesha kompyuta na kisanduku cha intaneti kwa nusu saa ina faida kuliko skrini ya pili. Pamoja nayo uwe na simu yenye bando na namba ya dalali, ili uweze kufunga biashara kompyuta ikifa. Na amri ya kukomesha hasara iwekwe kwa dalali tangu mwanzo, kabla hujashusha pumzi. Hata hiyo si ukuta wa chuma. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, bei ikaruka, na amri nyingi zikatekelezwa mbali sana na mahali zilipowekwa. Kwa hiyo usiweke sokoni fedha ambayo kukosekana kwake kutamlaza mtu na njaa.

Tano, na hili ndilo kubwa, daftari. Lisiwe ndani ya kompyuta; liwe la karatasi, likae kati yako na kibodi, ili mkono ukienda kwenye kipanya ulipite. Kabla ya kununua andika: nanunua nini, kwa sababu gani, nitatoka wapi nikikosea, nitapoteza kiasi gani. Usipoweza kuandika, usinunue. Mimi kwa akaunti ya majaribio ya dola 100 nilijiwekea kwamba kosa moja lisinigharimu zaidi ya dola 1. Kwa kiasi kidogo kabisa ambacho madalali wengi hukubali, yaani euro 1,000, nukta moja ya bei ni senti 10 za dola, kwa hiyo nina nafasi ya nukta 10. Halafu niliona jambo ambalo skrini haikunionyesha bali daftari. Tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza ilikuwa nukta moja, yaani senti 10 kila mara niingiapo. Siku niliyoingia mara 10, nililipa dola 1 kabla ya kupata wala kukosa. Siku 20 za namna hiyo ni dola 20, moja ya tano ya mali yangu yote, na dalali hakubahatisha chochote. Tangu hapo niliingia mara moja kwa siku, na siku nyingi sikuingia.

Hiyo ndiyo meza. Haipendezi katika picha. Mama hataleta wageni kuitazama.

Sasa narudi kwenye kura yetu. Kompyuta ya kawaida ina matundu mawili au matatu ya skrini. Tukitaka sita itatubidi kununua kadi nyingine ya picha kwa fedha za chama, na baada ya hapo mtu mmoja atakaa kitini, wengine thelathini watasimama nyuma yake wakinyosha shingo. Kompyuta tano zitarudi stoo kuwa makao ya panya. Lakini tukiziacha zilivyo, kila moja ikakaliwa na watu wawili, mmoja kwenye kibodi na mmoja kwenye daftari, watu 12 watajifunza kwa wakati mmoja, na baada ya saa moja 12 wengine. Na yule wa daftari awe na haki ya kusema hapana. Naamini kaka yangu angekuwa na mtu wa namna hiyo ubavuni mwake usiku ule, habari ingekuwa nyingine.

Sikatai kwamba siku moja mwenzetu atakayekuwa amefanya kazi hii miaka kadhaa ataona haja ya skrini ya pili. Na ainunue, kwa faida aliyoipata, si kwa mkopo wa faida anayoitumaini.

Kwenu wanafunzi wa zamani nina ombi. Kabla hamjamwamini dalali wa simuni, ulizeni kwanza leseni yake kwa mamlaka. Jirani zetu wa Kenya waliweka kanuni za biashara hii mwaka 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya huko ndiyo itoayo leseni. Dalali asiyeweza kuonyesha leseni ya nchi yoyote msimpe hata shilingi. Na mkitaka kutusaidia tena, msituletee skrini ya saba. Tuleteeni betri ya akiba. Na kama kuna mmoja wenu ambaye ni mhasibu, aje Jumamosi moja atufundishe kusoma hesabu za kampuni, tujue kinachouzwa kabla ya kutazama bei yake.

Wenzangu, mkutano ni wiki ijayo. Mimi nitainua mkono kwa skrini moja.